Usiombe pesa za maji, omba mita za bomba

Watu wa kusini mwa Tanzania hawana choyo cha kuchangia maji. Ukimwambia mtu wa Newala au Masasi kwamba vijana wanahangaika kupata maji, humfundishi kitu, maana amekua akimwona mama yake akitoka alfajiri na ndoo kichwani. Kinachomfanya akunje mikono kwenye harambee ni kwamba ameshachangia mara nyingi na hakuona kilichotoka. Nimekuwa mhazini wa kamati iliyochangisha fedha za kubadilisha mfumo wa maji wa kambi yetu ya vijana, hapa Masasi, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiombe pesa za maji. Omba mita za bomba, omba koki, omba mifuko ya saruji, na mwonyeshe mtu kila kimoja kitakaa wapi.

Kambi yetu ni ya kanisa, lakini hutumiwa na wengi: semina za vijana, mikutano ya akina mama, na wanafunzi wa kidato cha nne wanaopiga kambi ya masomo kabla ya mtihani wa Novemba. Mfumo wa maji ulijengwa miaka ya 1980. Kisima kiko bondeni, jenereta ya dizeli ilikuwa ikisukuma maji kwa bomba la chuma hadi tenki lililo juu ya kilima cha mawe, kisha maji yanashuka yenyewe hadi jikoni, mabafuni na mabwenini. Waliouchora walijua kazi yao. Vyuma ndivyo vilivyochoka.

Kabla hujaandika barua hata moja ya kuomba msaada, pima. Sisi jioni moja tulizima pampu, tukafunga koki zote za kambi, tukachora mstari wa chaki kwenye ukuta wa ndani wa tenki pale maji yalipofikia. Asubuhi yalikuwa yameshuka sentimita 12. Tenki letu lina mita 3 kwa mita 3, kwa hiyo zilipotea lita 1,080 usiku mmoja: ndoo 54 za lita 20, na hakuna aliyenawa hata uso. Usiku uliofuata tulifunga pia vali ya kutokea kwenye tenki, na asubuhi maji yalikuwa palepale kwenye chaki. Tenki ni zima, mabomba ndiyo yaliyooza. Kipimo hicho kilituepusha kununua tenki tusilolihitaji, wakati tulikuwa tumeshaanza kushauriwa tulinunue. Pia kilitupa hesabu ambayo bibi asiyejua kusoma anaielewa, kwa sababu ndoo anaijua.

Hesabu ya mahitaji ifanyeni vilevile. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400. Kambini vijana wanaoga asubuhi na jioni, na jiko linapika kwa masufuria makubwa, kwa hiyo tulipanga lita 40 kwa kila mmoja. Vijana 120 wanahitaji lita 4,800 kwa siku. Ukiwa na namba hiyo, nenda ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, uombe mhandisi akusaidie kuandaa makadirio ya gharama. Wafadhili wanaijua tofauti ya makadirio ya mhandisi na ya kamati iliyokaa chini ya mwembe. Kama mnachimba kisima kipya, mtahitaji pia vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na ni vizuri kuvifuatilia mapema ili visiwakwamishe fedha zikiwa tayari benki.

Fundi alipokata bomba la zamani la inchi mbili, ndani kulikuwa na kutu iliyoganda pande zote, tundu lililobaki halipitishi kidole gumba. Nilimwomba kipande cha shibiri moja, nikakiosha, nikakitia kwenye kikapu na kutembea nacho kila kikao. Kwenye chama cha msingi cha wakulima mzee mmoja alikipokea, akachungulia upande mmoja, akakigeuza akachungulia upande wa pili.

"Mama, watoto wetu wanakunywa maji yanayopita humu?"

"Humuhumu, baba."

Akauliza mita moja ya bomba jipya ni bei gani. Akachukua mita tano, na aliyekaa jirani yake akachukua sita. Kuanzia hapo niliacha hotuba. Kutoka kisimani hadi tenki ni mita 600, tukachora mstari huo kwenye karatasi kubwa, na kila aliyetoa tuliandika jina lake pale mita zake zilipoangukia. Watu walikuja kuangalia karatasi ile kuliko walivyokuja kusikiliza wahubiri wetu, na waliokuwa bado walianza kuulizana wenyewe.

Sasa kuhusu wakati. Mtwara na Lindi, kalenda ya mchango ni korosho. Minada huanza Oktoba, na malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima mpaka karibu na mwaka mpya. Harambee ya Novemba na harambee ya Machi ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama mgeni rasmi ni yuleyule. Mwezi Machi mkulima yuko shambani na ghala linaelekea kuisha, na ukimlazimisha kuahidi unamfundisha kukukwepa njiani. Wapo wanaopendelea kutoa kilo mbili tatu za korosho badala ya fedha. Pokeeni, lakini mtu aandike ridhaa yake mwenyewe. Wakulima wetu wameumizwa na makato mengi, na mchango wa hiari ukianza kunuka makato, umekufa.

Msiwasahau waliopita kambini na sasa wanaishi Dar es Salaam. Mbagala imejaa watoto wa kusini. Wapigieni simu kwa sauti, maana ujumbe wa kundi la WhatsApp kila mtu anadhani ameandikiwa mwenzake. Ahadi nazo zifuatilieni ndani ya wiki mbili, kwa heshima, kabla ada za shule hazijazimeza.

Akaunti iwe ya kambi, yenye watia saini watatu, na risiti zibandikwe ubaoni kila Jumapili. Hapo sina cha kuongeza.

Kazi ya mikono ni mchango pia, na ihesabiwe kwa mita. Vijana wetu walichimba mtaro wote. Msikubali mtaro wa kuparuza: bomba la plastiki lililoko juujuu litakatwa na jembe, au litaungua siku watu wanapochoma mashamba. Fikeni angalau kina cha magoti, hata kama jua ni kali na jiwe limekataa.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili la baadaye. Mikoa hii miwili ilipata miradi mingi ya maji kwa msaada wa Ufini kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazee wanaikumbuka kwa mapenzi. Lakini pampu nyingi zilinyamaza kwa kukosa dizeli au kipuri. Kwa hiyo tuliamua tangu kwenye makadirio kwamba kila kundi linalolala kambini linalipa sehemu ya maji, na fedha hiyo inakaa akaunti yake, haigusiwi kwa chakula wala kwa bendera za sherehe. Pampu yetu mpya ya sola haili dizeli, lakini nayo huharibika.

Kwa walio na kambi upande wa pwani, Mikindani au Kilwa, peleka maji ya kisima maabara kabla hujachangisha hata shilingi, kwa sababu visima vingi huko vina chumvi, na bomba jipya halitaiondoa. Kama majibu ni mabaya, tazama juu. Ukumbi wenye bati la mita 10 kwa 20 ukinyeshewa milimita 20 tu, unakinga karibu lita 4,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Newala na Tandahimba nyumba nyingi zimeishi hivyo, bati juu na tenki la saruji ardhini, na harambee ya mifereji ya bati na saruji ni nyepesi kuliko ya kisima.