Mkono wangu mmoja hauna nguvu, kemia nitaiweza?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mie nipo fomu thrii huku Micheweni, Pemba, mama analima mwani. Mkono wangu wa kulia umepooza tokea mdogo, naandika kwa wa kushoto. Naipenda kemia, hasa hizi enzaimu zinazoharakisha kazi za kemia mwilini, lakini mtu mzima mmoja skuli kaniambia maabara si pa mtu wa mkono mmoja, nichukue masomo ya arts. Halafu nimesoma pahala kuwa enzaimu nyengine zina metali ndani, vipi tena, si tunaambiwa enzaimu ni protini?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nnaanza na huyo mtu mzima kwa sababu maneno yake hayohayo kashaambiwa mtu mwengine zaidi ya miaka 100 ilopita.

Anaitwa James Sumner, Mmarekani, kazaliwa 1887. Ana miaka 17 yupo na mwenzake wanawinda ndege, risasi ikampata mkono wa kushoto, ukakatwa chini kidogo ya kiwiko, na yeye alikuwa mtu wa shoto! Ikabidi ajifunze upya kila kitu kwa mkono wa kulia, mpaka tenisi akacheza. Alipotaka kusomea biokemia pale Harvard, profesa Otto Folin akamwambia bora akasome sheria, mtu wa mkono mmoja kwenye kemia hafiki. Hakumsikiliza. 1914 akapata PhD yake, akaenda kufundisha chuo kikuu cha Cornell, na 1917 akaanza kuitafuta enzaimu moja tu, yurease, aitoe ikiwa safi.

Yurease unaijua hata kama hujaisikia jina. Ukipita banda la mbuzi asubuhi ile harufu inayokupanda puani ni amonia, bakteria wana yurease na wanavunja yurea ya mkojo. Sumner yeye aliitafuta kwenye unga wa maharagwe fulani makubwa meupe, miaka 9 mwanangu, tena friji hana, anaweka michanganyo yake nje ya dirisha usiku wa baridi. 1926 akajaribu asetoni, kimiminika kama kile cha kuondolea rangi ya kucha, akaacha usiku kucha, asubuhi kuangalia kwenye maikroskopu, fuwele hizo, yaani yurease safi imeganda vipande vipande! Akasema enzaimu ni protini. Wanakemia wakubwa wa Ujerumani kina Willstätter wakamkatalia, watu wakaanza kukubali baada ya mwanakemia John Northrop kupata fuwele za pepsini, enzaimu ya tumboni, 1930, na Sumner tuzo ya Nobel akaja kupewa 1946.

Sasa metali. Mwalimu wako hajakosea, enzaimu karibu zote ni protini, ila nyengine haifanyi kazi mpaka ishike atomu za metali. Katalesi ina chuma, kaboniki anhidresi ilomo kwenye damu yako ina zinki, na mwani nao, baadhi ya aina zake zina enzaimu yenye vanadiamu. Na yurease ya Sumner ina nikeli, atomu mbili zimekaa jirani pale pale yurea inapovunjwa. Hilo la nikeli limegunduliwa 1975, kule Queensland, Australia, na kina Burt Zerner, miaka 49 baada ya zile fuwele, Sumner keshafariki miaka 20. Nikeli ilikuwemo mulemule kwenye fuwele alizozitengeneza na hakuwahi kujua, na mie kila nikilifikiria hili naona kuna kazi tele imebaki kwa watu kama wewe.

Kwa hivyo kemia usiiache, na baiolojia na hesabu uzishike hivyo hivyo. Maabara omba stendi ya kushikia tyubu, ipo kwa kazi hiyo na hata wenye mikono miwili wanaitumia. Na huna haja ya kuwaza Marekani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapahapa Unguja.

Wakati unasubiri jaribu hili: twanga mbegu za tikiti maji, zina yurease nyingi, koroga na maji, gawa vikombe viwili. Kimoja kichemshe kwanza kisha kiache kipoe. Tia vyote chembe kidogo za mbolea ya yurea, funika, weka nje, baada ya saa moja au mbili funua unuse kwa mbali. Niandikie kikombe gani kilinuka, na kwa nini unadhani kile chengine hakikunuka.