Kurudi kuajiriwa baada ya kuendesha duka: je, ni udhaifu wa tawakkul?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh wetu. Mimi ni mkazi wa Mtwara Mjini, nina mke na watoto wanne, na mama yangu mzazi aliyeko Newala ananitegemea. Nilikuwa mtunza ghala katika kampuni ya kusambaza saruji, nikaacha kazi kwa hiari yangu na kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Wateja wangu wengi ni wakulima wa korosho, ambao huchukua mabati, misumari na saruji kwa mkopo kwa ahadi ya kulipa msimu ukifika. Msimu uliopita wengi hawakumaliza madeni yao, na ili nisifunge duka nilichukua mkopo wa riba, ile inayoitwa kausha damu, na sasa marejesho ya kila wiki yananishinda. Kampuni niliyotoka imeniita nirudi, kwa mshahara mzuri kuliko wa mwanzo. Mke wangu anataka nirudi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye tunayemsikiliza katika familia, anasema kurudi kuajiriwa ni kumtegemea mwanadamu badala ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amesema sehemu tisa katika kumi za riziki zimo katika biashara. Nifanye nini? Na nikirudi, naweza kuendelea na duka?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu yangu, nitaanza na hadithi aliyoitaja kaka yako, kwa sababu naona ndiyo iliyokuzuia kuamua. Maneno hayo ya sehemu tisa katika kumi yamepokewa na Nuaym bin Abdulrahman, ambaye hakumuona Mtume (S.A.W.), kwa hiyo ni hadithi mursal, na wanavyuoni wa hadithi wameihesabu kuwa dhaifu. Haifai kumtia mtu uzito wa dhambi kwa hadithi ya namna hiyo. Iliyothibiti ni ile ya Miqdam katika Sahihi Bukhari, kwamba hakuna aliyekula chakula kilicho bora kuliko kile alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Dawud (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Hadithi hii haikutenganisha kati ya anayefanya kazi kwenye duka lake na anayeifanya kwenye ghala la mwingine.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wenyewe walihitilafiana kuhusu chumo lililo bora. Mawardi alieleza kwamba kauli inayofanana zaidi na madhehebu ni kuitanguliza biashara, lakini yeye mwenyewe akaelekea kwenye kilimo kwa kuwa kiko karibu zaidi na tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, naye Imam Nawawi akasema lililo bora ni kazi ya mkono, na kilimo kikiwa ni kwa mkono wa mtu mwenyewe basi kimekusanya fadhila zote hizo. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba mwenye kuajiriwa amepungukiwa imani. Wangesemaje hivyo, ilhali Nabii Musa (A.S.) aliajiriwa kuchunga kwa miaka minane au kumi kama ilivyo katika Suratul Qasas, na Mtume wetu (S.A.W.) alisema katika hadithi iliyo kwa Bukhari kwamba aliwachungia watu wa Makka mbuzi kwa malipo ya qirati? Na aliye karibu zaidi na hali yako ni Abu Bakr Siddiq (R.A.), aliyekuwa mfanyabiashara anayetosheleza familia yake kwa kazi yake. Aliposhika ukhalifa na kushughulishwa na mambo ya Waislamu, familia yake ikawa inalishwa kutoka katika mali ya umma. Aliacha soko akala posho, naye ndiye mbora wa umma huu baada ya Mtume wake.

Kuhusu kumtegemea mwanadamu, ninamheshimu kaka yako kwa kuihofia imani yako, lakini naomba alitazame jambo hili kwa utulivu. Mwenye duka la mabati Mtwara anamngoja mkulima, mkulima anangoja mnada wa chama kikuu cha ushirika, na mnada unangoja mnunuzi ambaye huenda hajawahi kuuona mkorosho. Hayo yote ni sababu, na mshahara nao ni sababu. Tawakkul ni kazi ya moyo, na moyo unaweza kumwelekea Mwenyezi Mungu ukiwa ghalani, na unaweza kuwategemea viumbe ukiwa nyuma ya kaunta yako mwenyewe.

Kwa hiyo swali lako halihusu ubora wa biashara na ajira kwa jumla. Linahusu haki za watu ulizonazo shingoni leo, na ni njia ipi itakayokuwezesha kuzitimiza bila kuingia katika haramu. Unazo haki za mke, watoto na mama, na Mtume (S.A.W.) amesema yamtosha mtu kuwa na dhambi kwa kuwapoteza anaowajibika kuwalisha. Hivyo mke wako anapotaka urudi kazini usimwone kuwa ana imani haba, kwani matumizi anayoyadai ni wajibu wako na wala si hisani.

Kisha kuna riba, na hili ndilo zito zaidi katika barua yako yote, ingawa umelitaja kama jambo la kupita. Mwenyezi Mungu hakutangaza vita katika Qur'ani kwa madhambi mengi, lakini amevitangaza kwa wasioacha riba, katika aya ya 279 ya Suratul Baqara. Najua jinsi mikopo hii inavyoingia mitaani kwetu, Magomeni, Chikongola na kwingineko, na najua anayekopa mara nyingi amebanwa. Lakini kulinusuru duka lisifungwe si dharura inayohalalisha riba. Tubu, usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza, nenda ukaombe upunguziwe ziada na upangiwe muda, na deni hilo uliondoe mwanzo kabla ya kuongeza bidhaa yoyote dukani. Ikiwa duka haliwezi kusimama leo bila mkopo mwingine kama huo, na mshahara unaweza kukutoa humo, basi kurudi kazini kwako si jambo la ruhusa tu. Ninaona kuwa ni wajibu, kwa kuwa njia ya halali ya kuikimbia haramu imefunguka mbele yako.

Ninataka pia uelewe kwa nini duka lilikwama, maana usipolielewa hilo utarudia yale yale hata ukiwa na mshahara. Kuuza kwa mkopo kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu kunajuzu, maadamu mnaachana mkiwa mmekubaliana bei moja, na isiongezeke mteja akichelewa. Tatizo liko kwenye muda. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya ya 282 ya Suratul Baqara kuliandika deni la muda maalumu, na katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani hii, kusema "nitakulipa korosho ikitoka" si muda maalumu. Imam Malik aliruhusu kuweka muda wa mavuno, kwa kuwa wakati wake unajulikana kwa desturi, na kwa yaliyokwisha pita tunaweza kuichukua kauli yake ili mauziano yako yasivunjike. Lakini wewe unajua zaidi yangu kwamba minada kwa kawaida huanza Oktoba, na fedha huingia kwenye akaunti ya mkulima kwa nyakati tofauti kwa kila chama cha msingi. Tena tuliuona msimu wa 2018/2019, Serikali ilipozinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jinsi malipo yalivyochelewa kwa sababu ya uhakiki. Anayemwachia mteja mabati kwa muda wa namna hiyo ameyatia maisha ya watoto wake katika jambo asilolijua yeye wala mdaiwa wake. Kuanzia sasa andika tarehe, weka mashahidi wawili, na usikopeshe zaidi ya kile ambacho ukikikosa hautakopa.

Wadaiwa ulionao wagawe kwa hali zao. Aliyepungukiwa kweli, ambaye mikorosho yake haikuzaa au amepatwa na maradhi, mpe muda mpaka apate wepesi, kwa amri ya Qur'ani, na ukimsamehe sehemu ni sadaka. Lakini aliyelipwa korosho zake zote, akamalizia fedha hizo kwenye shughuli ya unyago, kisha akakukwepa njiani, huyo Mtume (S.A.W.) amemwita dhalimu: kuchelewesha kulipa kwa mwenye uwezo ni dhulma. Mfuate kwa adabu, pitia kwa imamu wa msikiti wake au kwa serikali ya kijiji, na usione haya kudai haki yako. Nakuonya tu usikubali ushauri wa kumlipisha kwa kangomba, yaani kuzikatia bei ya kutupa korosho zilizo bado mtini ili kufidia deni. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kukomaa kwake kudhihirika, na kuitumia shida ya mtu kumnyang'anya mavuno ya mwaka mzima kwa deni la mabati machache ni dhulma hata kama ametia dole gumba.

Sasa kuhusu kuendelea na duka. Usome mkataba wa kazi kabla hujausaini, kwa sababu tumeamrishwa kutimiza mikataba. Ukikataza biashara ya pembeni, au ukaitaka kampuni ijulishwe, hilo linakufunga. Na hata kama mkataba umenyamaza, hali yako ina hatari ya pekee: utakuwa mtunza ghala la saruji mwenye duka linalouza saruji. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba tuliyemwajiri kwa kazi na tukampa ujira wake, atakachokichukua zaidi ya hapo ni khiyana. Mfuko uliopasuka ukaandikwa kuwa umeharibika kisha ukaonekana dukani kwako, gari la kampuni kukushushia mzigo njiani, mteja wa kampuni kuelekezwa kwako, yote hayo yanaingia humo. Nasaha yangu ni umweleze mwajiri waziwazi kwa maandishi kwamba una duka, na uache kabisa kuuza saruji muda wote utakaokuwa kazini hapo. Mabati, misumari na rangi vinatosha.

Atakayesimama dukani, awe mpwa wako au mwingine, mpangie kabla hajaanza: ama mshahara unaojulikana, ama sehemu ya faida inayojulikana, kama theluthi au nusu. Usimwambie "kaa hapo tutaangaliana," kwani ugomvi mwingi wa ndugu ninaoletewa umeanzia kwenye maneno hayo. Na zaka usiisahau: mwaka ukitimia hesabu bidhaa kwa bei ya kuuzia, ongeza fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa, na ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu utoe asilimia 2.5.

Sali istikhara, yaani sala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo la heri, rakaa mbili zisizo za faradhi na dua yake iliyopokewa na Jabir (R.A.), wala usingoje ndoto, baada yake shika lile ambalo hesabu na ushauri vimelionyesha, na Mwenyezi Mungu atalifanya jepesi au atakuondolea. Kabla ya kujibu kampuni nenda kwa kaka yako, umsomee hadithi ya Miqdam na habari ya Abu Bakr, na umwonyeshe daftari la madeni pamoja na karatasi ya marejesho, ambavyo nadhani hajaviona. Kama ana uwezo, mwombe akukopeshe bila ziada ili umalize riba hiyo mara moja, nawe umlipe kila mwezi kutoka kwenye mshahara.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.