Maswali ya Wasomaji: Delay na Postpone

SWALI: Mhariri, katika barua ya kikazi niliandika kwa Kiingereza "The train was postponed by heavy rain", lakini mkuu wangu akafuta "postponed" na kuandika "delayed". Kamusi yangu inavieleza vitenzi hivyo kwa maneno yanayokaribiana mno. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, mkuu wako yuko sahihi. "Postpone" ni kuahirisha, na hapaahirishwi jambo ila awepo mwenye mamlaka aliyeamua, kabla halijaanza, kwamba lifanyike wakati mwingine. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ni mfano mzuri: tarehe 24 Machi 2020 waandaaji na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitangaza kwamba haitafanyika mwaka huo kwa sababu ya korona, nayo ikafunguliwa tarehe 23 Julai 2021. Hapo "postponed" ndilo neno lenyewe.

Mvua haiamui lolote. Waweza kuandika "The match was postponed because of rain", kwa kuwa aliyeahirisha ni mwamuzi au chama cha mchezo na mvua ni sababu tu. Treni yako, hata hivyo, ilikwama njiani bila ya kupangiwa siku nyingine, yaani ilicheleweshwa.

"Delay" ina uwanja mpana zaidi, kwani huchelewesha mvua, ugonjwa, hata faili lililopotea, na anayecheleweshwa aweza kuwa mtu: "I was delayed by traffic" ni sawa, ilhali "I was postponed" itamchekesha msomaji. Watu nao huweza kuchelewesha kwa makusudi, kama katika "They delayed the launch", na nadhani hapo ndipo kamusi yako ilipokuchanganya. Tena "delay" husimama bila yambwa, "Don't delay", jambo ambalo "postpone" haliwezi. Vyote viwili, vikifuatwa na kitenzi kingine, hudai umbo la "-ing": "They postponed signing the contract", wala si "to sign".

Jihadhari pia na "kusogeza mbele". Sisi tukisema mkutano umesogezwa mbele, kwa kawaida tunamaanisha umeahirishwa, lakini "bring forward" ya Kiingereza ni kinyume chake kabisa: ukiitumia kwa mkutano ulioahirishwa, wenzako watafika kabla ya siku yake.