Wakutane, lakini wakifanya nini?

Swali la wiki hii: je, watu wa makundi yanayodharauliana wakikutanishwa mara kwa mara, dharau itaisha? Jibu langu: si lazima, na mkutano ulioandaliwa ovyo unaweza kuizidisha.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, Marekani, wakawagawa timu mbili na kuwashindanisha. Uhasama ukawaka. Walipokalishwa pamoja kula, walitupiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida zilizopangwa na watafiti, kama maji kukatika na lori kugoma kuwaka, ambazo hakuna timu iliyoweza kuzitatua peke yake. Hata hivyo uhasama haukuyeyuka kwa shida moja. Zilihitajika kadhaa mfululizo.

Kwa walimu, njia ninayoiamini zaidi ni ile ya mwanasaikolojia Elliot Aronson, iliyoanza Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zikiacha kutenga watoto kwa rangi. Unda vikundi mchanganyiko vya wanafunzi 5 au 6. Gawa somo vipande kwa idadi hiyohiyo, kila mmoja apewe chake tu. Kabla ya kufundishana, wenye kipande kilekile kutoka vikundi vyote wakutane, wakichambue na wajizoeze kukieleza. Kisha kila mtu arudi kuwafundisha wenzake. Mwisho, jaribio la somo zima, kila mmoja kivyake. Aliyezoea kumcheka mwenzake sasa atamsikiliza, maana sehemu ya alama zake iko mdomoni mwa huyohuyo.

Hatua ya kujizoeza ndiyo huwa inarukwa kwa kubana muda, na madhara yake ni makubwa: mtoto anayedharauliwa anasimama bila maandalizi, anababaika, na wenzake wanasema, "Si tulijua?" Fikra mgando, yaani picha waliyokwisha kujijengea kuhusu kundi lake, imepata ushahidi mpya, tena mbele ya mwalimu.

Kosa la pili ni gumu kulitambua kwa sababu linafanana na mafanikio. Mtu anampenda mwenzake mmoja, kisha anamwambia, "Wewe si kama wenzako." Amemtoa kwenye kundi lake ili dharau yake kwa kundi ibaki salama. Ndiyo maana mwakilishi mmoja hatoshi. Waweke kadhaa, wanaotofautiana tabia na vipaji, wala usiwaombe wafiche walikotoka: wasipotambulika kama watu wa kundi lao, wema wao hauwafikii waliobaki nyuma.