Jibu: A Quiet Place naweza kuangalia na watoto?

Mkuu umeuliza kama unaweza kuiweka hii filamu ya kutisha sebuleni na watoto wa miaka saba nane, mi nasema subiri walale kwanza. Damu sio nyingi ila roho mkononi toka mwanzo, maana humo kuna madude yanayoua watu, hayaoni kabisa yanawinda kwa kusikia tu, ukiangusha kitu umekwisha. Familia inaishi shamba huko Marekani, wanatembea peku juu ya mchanga waliomwaga njiani, wanaongea kwa lugha ya alama, na aliyeigiza binti yao, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli sio maigizo. Halafu mama mjamzito, hebu fikiria kujifungua bila kupiga kelele!! Kuna msumari kwenye ngazi pale, sisemi zaidi.

Ni ya 2018, kama saa moja na nusu tu, kaiongoza John Krasinski ambaye ndo baba mwenyewe humo ndani, na Emily Blunt ni mkewe hadi nje ya filamu. Ile ya pili iache kwanza, inaendeleza familia hiyohiyo.

Ila kibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video mtaani, usiende, mi niliionea huku Ngamiani bodaboda zinapita nje jamaa anatafuna karanga nyuma yangu, utamu wote kwisha. Vaa hedifoni, na feni zima hata kama joto la Tanga unalijua.