Filimbi yako inakwaruza? Usiulaumu mpira kwanza

Jamani, Jumamosi nimekaa na vijana watatu mezani kwangu huku Missouri, kila mmoja na jigi yake, kile kifaa cha kushikia fremu na kuvuta mpira, na wote wanarudia kosa lilelile langu la zamani: filimbi ya mdomoni ya kumwitia bata mzinga mawindoni, kale kafremu kenye tando za mpira, ikikwaruza wanaongeza utando. Mbili zikawa tatu, tatu zikawa nne, mlio ukawa kama gunia linaburutwa kwenye saruji. Nawapenda hawa watoto lakini ilibidi niinuke nikachemshe chai kwanza.

1. Anza na tando mbili tu, mpira mwembamba wa inchi 0.003. Tatu utazikuta mbele ya safari.

2. Vuta sawa pande zote. Ukikaza sauti inapanda na kusafika, ukilegeza inashuka na kukwaruza, na upande mmoja ukilegea kuliko mwenzake utapigapiga wenyewe. Kabla hujabana fremu iinue dirishani uangalie, ukiona kamkunjo kokote anza upya.

3. Mkato. Hapa ndo penye kilio. Mkato wa V na ule wa kombo ni wa kukwaruza, ndo kazi yake. Ukitaka sauti safi kata gosti, mikato miwili midogo kwenye utando wa juu, mmoja kila upande, katikati unapaacha pazima. Midogo, nimesema midogo!

Mwaka wangu wa pili nilikata filimbi 30 za gosti usiku mmoja, nimetoka shifti, macho mazito, na mkasi ni uleule niliokatia tepu wiki nzima. Mkasi wenye gundi haukati, unatafuna. Halafu sikuweka kitu chochote katikati ya tando, kwa hiyo ncha ikawa inapita utando wa juu inaukwangua wa chini, kaalama kadogo kama ukucha wa mtoto mchanga, hukaoni mpaka uinue utando wa juu. Nikajaribu tatu, nikasikia kaupepo, nikajiambia ni mate tu, zitakaa sawa zikizoea mdomo. Nikazigawa. Ya kwanza nikampa mzee aliyenifundisha, mtu ambaye hakuwahi kuninyima jibu hata nikiuliza mara kumi.

Jumatatu ya kufungua msimu, Aprili, tumekaa chini ya mwaloni giza bado. Dume akaita juu ya mti, karibu kabisa, kifua changu kikagonga. Mzee akaweka ile filimbi mdomoni. Noti ya kwanza inatakiwa itoke juu, safi, ndo ivunjike, badala yake ikatoka hewa tupu na mkwaruzo, kasss. Dume kimya. Mzee akasubiri, akajaribu tena, kimya. Akaitoa, akainua utando wa juu kwa kijiti cha meno, akaniwekea mbele ya macho nione. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ziko ngapi kama hii?" Nikamwambia ishirini na tisa, na zote zimeshaenda kwa watu. Wiki nzima ile nilizunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya, na mpaka leo nikishika mkasi nauona ule utando mkononi mwake.

Kwa hiyo: mkasi wa mpira ukate mpira tu, na katikati ya tando chomeka kipande cha plastiki ngumu kabla hujakata.

4. Tepu inayozunguka fremu ikikaa vibaya kwenye kaakaa hewa inapita pembeni, utasikia upepo utasema ni mpira. Ipunguze kidogokidogo mpaka ikutoshe.

5. Hewa itoke kifuani, sio mashavuni, na ulimi uguse kwa wepesi. Mlio wa jike unaanza safi halafu taya likishuka unakwaruza kidogo mwishoni, hako kamkwaruzo usikaue, ndo kanakofanya dume aamini. Ukitaka kujipima piga kiki, ule mlio wa makinda wa vuli, wenyewe ni mluzi mtupu na hauna pa kujificha.

6. Ukimaliza suuza, chomeka kijiti katikati ya tando zisigandane, weka friji. Kwenye dashibodi ya gari jua linaula mpira.

Na wewe uliyeondoka na ile ya tando nne, irudishe Jumamosi, tutoe mbili halafu tuangalie ya chini.