Ushelisheli: sheria ya Mfaransa, mahakama ya Mwingereza, jaji wa kuazima

Safu iliyopita niligusia mahakama za Ushelisheli kwa mistari miwili tu, nikadhani nimepita. Kumbe nimechokoza nyuki. Nayajibu maswali yenu yaliyojirudia.

Nimesoma kuwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Ushelisheli ilitenguliwa. Ikitenguliwa na nani, ikiwa ndiyo ya juu? (Msomaji, Nairobi)

Jina linakudanganya. Mahakama ya Juu ya kule kazi yake ni kama ya Mahakama Kuu yenu: inasikiliza kesi nzito tangu mwanzo na kupokea rufani kutoka kwa mahakimu. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani, na hapo safari inakwisha. Majirani zao wa Mauritius bado hubeba rufani mpaka Baraza la Faragha (Privy Council), chombo cha rufani kilichoko London. Ushelisheli walikata kamba hiyo walipopata uhuru mwaka 1976.

Wanafuata sheria ya nani hasa? (Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam)

Ya wawili, na hapa ndipo panaponoga. Wafaransa ndio waliotangulia kuweka makazi. Mwingereza alipovichukua visiwa rasmi kwa Mkataba wa Paris wa 1814, aliwaachia wenyeji sheria zao. Matokeo yake, mambo ya mali, mikataba, mirathi na fidia yalibaki kwenye Kanuni ya Napoleon ya 1804, kitabu cha sheria za kiraia cha Ufaransa. Jinai, ushahidi na namna ya kuendesha kesi zikawa za Kiingereza. Hata kanuni waliyoitunga wenyewe mwaka 1975 ilikuwa kwa sehemu kubwa ile ile ya Kifaransa iliyovishwa Kiingereza. Mpya ilianza kutumika Julai 2021.

Chukua mfano. Mshelisheli wa jirani (mti huo, wenye jina moja na visiwa vyao) umeangukia bati lako. Unafungua dai. Shahidi anaeleza kwa Krioli jinsi tawi lilivyokuwa limeoza tangu masika. Wakili anamdodosa kwa mtindo wa Kiingereza, swali juu ya swali. Jaji anaandika hukumu kwa Kiingereza, lakini akifika pale penye uzito, je, jirani alizembea?, kalamu inarudi Ufaransa: anapima *faute* (kosa), neno ambalo mahakama zao zimeliacha kama lilivyo, na huenda akanukuu wanazuoni wa Paris. Lugha tatu kwa bati moja.

Ni kweli Jaji Mkuu wao alikuwa Mganda? Hawana wasomi? (Msomaji, Kampala)

Kweli, Fredrick Egonda-Ntende, kuanzia 2009 hadi 2014. Wasomi wanao. Aliyemfuata, Mathilda Twomey, ni mwenyeji, na ndiye mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Shida ni hesabu. Nchi ina watu laki moja na ushei. Mdai alisoma darasa moja na wakili wa mdaiwa, na karani ameoa kwao. Jaji wa kutoka nje hana shemeji mjini Victoria. Katiba ya 1993 inamruhusu asiye raia kuwa jaji, kwa kawaida kwa kipindi kimoja kisichozidi miaka saba. Ukomo huo naupenda: jaji anayesubiri mkataba wake uongezwe huandika hukumu akimtazama anayeusaini.

Na ninyi Waganda mna deni la zamani kule. Mwaka 1899 Waingereza waliwakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda wakawahamishia visiwa hivyo hivyo. Mwanga alifia huko 1903. Karne moja baadaye Uganda ikapeleka Jaji Mkuu.

Wananyonga? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Katiba inakataza sheria yoyote kuweka adhabu ya kifo.

Mahakama yao inaweza kufuta uchaguzi wa rais kama ya Kenya 2017? (Msomaji, Kisumu)

Njia ipo: unaanzia Mahakama ya Katiba, kisha rufani. Mgombea wa upinzani, Wavel Ramkalawan, aliijaribu baada ya kushindwa kwa kura 193, naam, mia moja tisini na tatu, Desemba 2015. Mwaka uliofuata ombi lake likatupwa. Alirudi kwenye sanduku na kushinda 2020.

Sisi Mombasa tulihukumu maharamia wa Kisomali. Wao waliwashtaki kwa sheria gani? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri kuliko yote. Desemba 2009 kundi la Wasomali liliimiminia risasi meli waliyoikuta baharini. Haikuwa ya mizigo. Ilikuwa Topaz, meli ya doria ya walinzi wa pwani wa Ushelisheli. Ushahidi ulikuwepo. Kifungu cha 65 cha Kanuni ya Adhabu ndicho kilichokuwa kichekesho: kilisema haramia atahukumiwa kwa mujibu wa sheria ya Uingereza inayotumika wakati huo. Miaka zaidi ya 30 ya uhuru, na kifungu kimelala humo! Bunge lilikibadili 2010, ila tendo lilitangulia, hivyo Jaji Duncan Gaswaga, Mganda mwingine, akalazimika kupitia mlango wa zamani. Julai 2010 wote 11 walipewa miaka 10 kila mmoja.

Gereza la Montagne Posée likaanza kufurika, kwa kuwa kesi za namna hiyo ziliendelea kuja. Tangu 2012 wafungwa wa uharamia wakawa wanarudishwa kwa ndege kumalizia vifungo vyao Hargeisa, Somaliland.